Mzizi wa msitu wetu, dawa ya tansio na maji ya kichwani: tuchunguze kabla ya kutangaza



Mwaka 2023, watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza magonjwa ya macho walitangaza kwamba reserpini, dawa ya zamani ya tansio, ilisaidia kulinda chembe za jicho zilizokuwa zinakufa kwa ugonjwa wa kurithi. Majaribio yalifanyika katika maabara, juu ya chembe za binadamu zilizokuzwa ndani ya vyombo na juu ya panya. Kwa watu wengi duniani hiyo ni habari ndogo ya kitaalamu. Kwetu sisi wa Kongo ina uzito wake, kwa sababu reserpini inatoka katika mizizi ya miti ya jamii ya rauwolfia, na rauwolfia moja, ile ambayo wataalamu wanaiita Rauvolfia vomitoria, inaota pembeni ya mashamba yetu na katika vichaka vinavyorudi baada ya msitu kukatwa.

Kutoka jicho hadi ubongo hatua si ndefu. Ugonjwa ule wa macho unagusa vinyweleo vidogo sana vilivyo juu ya chembe za mwili. Vinyweleo vya jamii hiyo viko pia ndani ya ubongo, navyo vinasaidia kusukuma maji yanayouzunguka. Vikiharibika, maji yanaweza kurundikana, na mtoto anapata ule ugonjwa ambao katika vijiji vyetu unaitwa kichwa kikubwa au kichwa cha maji. Basi msomaji anaweza kujiuliza: ikiwa dawa ya mzizi imelinda chembe za jicho, je, haiwezi kuponya kichwa cha maji? Na kama ni hivyo, kwa nini mama asichimbe mzizi huo nyuma ya nyumba na kumchemshia mtoto wake?

Swali la kwanza ni zuri. La pili linaweza kuua. Tunaandika ili kutenganisha maswali hayo mawili.

Historia ya mzizi

Jina la rauwolfia linamkumbuka Leonhard Rauwolf, daktari Mprotestanti wa mji wa Augsburg, Ujerumani, aliyesafiri nchi za Mashariki kati ya 1573 na 1576 akikusanya mimea. Hakuuona mti huo hata siku moja. Wataalamu waliokuja baadaye waliupa jina lake kwa heshima tu. Waliokuwa wanaufahamu tangu zamani ni wenyeji wa India, waliotumia mzizi wa rauwolfia ya kwao kutuliza wenye wazimu na kuwalaza wasiopata usingizi. Hapa Afrika nako wazee walitumia rauwolfia yetu kwa mambo yanayofanana na hayo, na pia kutapisha. Neno vomitoria katika jina lake linasema jambo hilo hilo.

Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Sen na Bose, waliandika kwamba mzizi huo unateremsha tansio. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alitoa ripoti yake katika gazeti la Uingereza la madaktari wa moyo, na dunia ikaanza kusikiliza. Mwaka 1952 wataalamu wa kiwanda cha Ciba, Uswisi, walifaulu kutenga kile kitu chenyewe kinachofanya kazi ndani ya mzizi, wakakiita reserpini. Baada ya hapo ikawa moja kati ya dawa za kwanza za tansio kutumika duniani kote. Wakati wa Zaïre, maganda ya mizizi ya rauwolfia yalitoka katika misitu yetu yakapelekwa katika viwanda vya Ulaya. Mchimbaji wa kijijini aliuza kwa kilo. Kilichorudi ni vidonge vya bei.

Tukumbuke hatua hizo. Hekima ya wenyeji ilionyesha mlango. Halafu ilihitajika miaka ya kuchunguza, kutenga, kupima kipimo, na kuangalia wagonjwa mmoja mmoja. Hekima ya wazee haikudharauliwa kwa kupimwa. Kupimwa ndiko kulikoifanya iwafikie wagonjwa wa mbali.

Inafanya nini ndani ya mwili

Mishipa ya fahamu inapeleka ujumbe kwa kutumia vitu fulani, na kimoja kinaitwa noradrenalini. Hicho ndicho kinachoamuru mishipa ya damu ikaze na moyo upige kwa nguvu. Reserpini inazuia akiba ya kitu hicho isihifadhiwe. Akiba ikiisha, amri inapungua, mishipa inalegea, tansio inashuka.

Lakini akiba hiyo hiyo inatumika katika ubongo kwa kazi nyingine: kuamka, kufurahi, kutembea. Katika miaka ya 1950 madaktari walianza kuona baadhi ya wagonjwa waliotumia reserpini wakiingia katika huzuni nzito. Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura reserpini nao wakalala bila nguvu ya kujongea. Alipowapa kitu kingine kinachorudisha akiba, waliamka. Kazi hiyo ilifungua njia ya dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2000 alipata tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mzizi huo umewafundisha wataalamu mengi juu ya ubongo. Umewafundisha pia kwamba ni dawa yenye nguvu, si chai.

Kuna jambo moja ambalo kila mama anapaswa kulisikia. Watoto waliozaliwa na mama waliokuwa wanatumia reserpini walionekana wakiwa na pua zilizoziba, usingizi mzito na shida ya kupumua. Mtoto mchanga anategemea sana pua yake ili apumue. Kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Sufuria ya mizizi haina kipimo: mzizi mmoja una nguvu nyingi, mwingine kidogo, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti.

Maji ya ubongo ni nini

Mungu ameuweka ubongo ndani ya maji. Mtu mzima ana karibu mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, lakini kila siku mwili unatengeneza karibu nusu lita. Maana yake, maji yanabadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku: yanatengenezwa ndani ya ubongo, yanapita katika njia nyembamba, yanazunguka, halafu yanarudi katika damu. Njia ikiziba, au maji yakishindwa kurudi, yanajaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kwa hiyo kichwa kinatanuka, na ubongo unabanwa.

Wachunguzi waliokadiria hesabu hizo mwaka 2018 walisema kwamba Afrika inapata watoto wapya zaidi ya 180.000 wa ugonjwa huo kila mwaka, wengi kuliko sehemu nyingine ya dunia. Sababu ziko nyingi. Wengine wanazaliwa nao, mara nyingi pamoja na uti wa mgongo usiofungika. Wengine wanaupata baada ya damu kuvuja ndani ya ubongo, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati. Na hapa Afrika wengi wanaupata baada ya maambukizi ya siku au wiki za kwanza za maisha: homa, degedege, kisha kichwa kinaanza kukua.

Je, dawa ya kunywa inaweza kupunguza maji hayo?

Wazo hilo si la ujinga. Madaktari walilifuata kwa miaka mingi. Lakini tuangalie lilipofika.

Mwaka 1978, wataalamu wa Lund, Sweden, walichunguza sungura. Walipochochea mishipa ya fahamu inayotumia noradrenalini, maji ya ubongo yaliyotengenezwa yalipungua kwa karibu theluthi moja. Walipoikata mishipa hiyo, maji yaliongezeka kwa kiasi kama hicho. Sasa tufikiri pamoja. Reserpini inamaliza noradrenalini. Basi kwa upande huo mtu angeweza kutazamia kwamba itaongeza maji, si kuyapunguza. Yule anayesema kwamba dawa inayoshusha shinikizo la damu lazima ishushe na shinikizo la maji ya kichwani amefananisha vitu viwili ambavyo mwili unavitawala kwa njia tofauti.

Ushuhuda wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu unahusu watoto wenyewe. Kuna dawa mbili, asetazolamidi na furosemidi, ambazo zinajulikana kupunguza utengenezaji wa maji ya ubongo. Furosemidi tunaifahamu katika hospitali zetu. Inatolewa kwa wenye moyo dhaifu na miguu iliyovimba. Kila kitu kilionyesha kwamba zitasaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kuvuja damu ndani ya ubongo. Wakaja watafiti wakagawa watoto 177 katika makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata matunzo ya kawaida, lingine likaongezewa dawa hizo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Waliopewa dawa walikufa au kuhitaji kuwekewa mpira wa kutoa maji kwa wingi kuliko wale wasiopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Waliotoa dawa hizo hawakuwa wachawi wala matapeli. Walikuwa madaktari wazuri wenye hoja nzuri. Hata hivyo hoja nzuri iliwadhuru watoto, na bila lile jaribio dunia ingeendelea kuwadhuru kwa moyo safi. Kwa hiyo habari ya jicho ya 2023 tuipokee kwa kiasi chake: ni mlango uliofunguliwa katika maabara. Hadi leo hakuna dawa ya kunywa, ya kiwanda au ya msituni, iliyothibitishwa kuponya kichwa cha maji cha mtoto.

Kinachookoa leo

Kinachookoa leo ni mikono ya mpasuaji. Mwaka 1956 fundi mmoja wa Marekani, John Holter, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, alitengeneza kifaa kidogo cha kufungua na kufunga maji, kikaunganishwa na mpira mwembamba unaopeleka maji nje ya ubongo. Siku hizi mpira huo mara nyingi unateremka chini ya ngozi hadi tumboni. Umeokoa watoto wengi sana. Tatizo lake ni kwamba unaweza kuziba au kuingia maambukizi, na mtoto anayeishi siku mbili za safari kutoka hospitali hana nafasi ya kungoja.

Jirani zetu wa Uganda wametoa jibu ambalo dunia imelisikiliza. Katika hospitali ya kikristo ya CURE huko Mbale, mpasuaji Benjamin Warf na wenzake waliboresha njia nyingine: kuingiza darubini nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa njia mpya ya maji, na kuchoma sehemu ya ile nyama inayotengeneza maji, bila kuacha mpira ndani ya mwili. Mwaka 2017 walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 100 wa Uganda: baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya waliotibiwa kwa njia hiyo hayakutofautiana na ya wale waliowekewa mpira. Mwaka 2020, uchunguzi mwingine uliofanywa juu ya watoto wa Uganda waliopata kichwa cha maji baada ya maambukizi uligundua kijidudu ambacho hakikutazamiwa, cha jamii ya Paenibacillus. Ugunduzi huo unatuelekeza mahali pa kupigana: katika usafi wa kuzalisha, katika matunzo ya kitovu, katika kutibu haraka homa ya mtoto mchanga.

Kuna pia kinga kabla ya mimba. Asidi foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ikianzwa kabla mwanamke hajapata mimba, inapunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, ambao mara nyingi unafuatana na maji ya kichwani. Ndiyo maana mwezi wa tano 2023 Mkutano wa Afya wa Dunia ulizihimiza nchi zote kuongeza vitamini hiyo katika vyakula kama unga. Hii ni dawa ya bei ndogo kuliko safari moja ya pikipiki kwenda mjini.

Kanisa linasimama wapi?

Katika Kongo, Kanisa haliwezi kusema kwamba mambo ya dawa hayalihusu. Jumuiya za ECC zinashikilia hospitali na vituo vya afya vingi sana katika nchi hii. Panzi ya Bukavu ni ya CEPAC. Nyankunde, Vanga na nyingine nyingi zilizaliwa na kazi ya makanisa. Mahali pengi mtu wa kwanza anayeona mtoto mwenye kichwa kinachokua si daktari. Ni mchungaji, siku mama anapomleta mtoto kubarikiwa au kuombewa.

Hapo ndipo tunaweza kuokoa au kupoteza. Tunajua, bila kumtaja mtu, kwamba kuna watoto wa namna hiyo waliozungukwa na maneno ya ndoki, na mama zao wakaambiwa kwamba wamezaa laana. Wengine wamefungiwa katika vyumba vya maombi kwa majuma, huku ubongo ukibanwa kila siku. Wengine wamenyweshwa mizizi. Nyumba zile mbili, ya nabii na ya muuza mizizi, zinaonekana kupingana, lakini kwa mtoto zinafanya kazi moja: zinamchelewesha.

Tukumbuke habari iliyo katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Kulikuwa na njaa, na mmoja alikwenda shambani kutafuta kitu cha kupika kwa ajili ya wana wa manabii. Akaona mmea wa porini, akachuma matunda yake, akayakatia ndani ya chungu bila mtu yeyote kuyajua. Waliokula wakatambua kwamba chakula kinaua. Yule aliyechuma hakuwa adui. Alikuwa ndugu, na alitumwa na njaa ya wenzake. Kosa lilikuwa kutia chunguni kitu ambacho hakuna aliyekijua. Na Elisha hakuulaani mmea, wala hakumfukuza mchumaji. Alishughulikia chungu ili watu waishi.

Tunasoma pia kwamba Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, na kwamba Paulo alisafiri pamoja na Luka, daktari mpendwa. Kwa hiyo Maandiko hayatufundishi kuidharau mimea wala kuwadharau waganga wa hospitali. Yanatufundisha kutofautisha. Kuomba na kwenda hospitali si imani mbili. Mama anayepanda pikipiki na mtoto wake mgongoni huku akiomba anaamini kwa mdomo na kwa miguu.

Swali la haki

Tusimalize bila kugusa jambo linaloumiza. Watu wetu wengi hawaamini sayansi ya kigeni kwa sababu wameona mali ya msitu ikitoka bila kurudi. Malalamiko hayo yana msingi. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, inasema kwamba nchi na jamii zenye mimea na maarifa yake lazima zipate sehemu ya faida. Kama siku moja rauwolfia itarudi na kazi mpya, ya jicho au ya ubongo, Kongo ina haki ya kukaa mezani: vyuo vyake, wakulima wake, wazee wake.

Lakini haki hiyo hatutaidai kwa kuwanywesha watoto wetu kitu kisichopimwa. Tutaidai kwa kulinda misitu ambamo mti huo unaota, kwa kuwasomesha vijana wetu famasia na utabibu, na kwa kuitaka serikali itie nguvu maabara za vyuo vyetu. Nchi isiyochunguza mizizi yake yenyewe itaendelea kuiuza kwa kilo.

Tuanze Jumapili hii

Tunayaomba makanisa mambo machache yanayowezekana. Kwanza, kila kituo cha afya cha kanisa kiwe na utepe wa kupima, na kila mtoto mchanga apimwe kichwa. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ana kichwa cha karibu sentimita 35, na katika miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi. Kikikimbia kuliko hapo, au utosi ukivimba, au macho yakielekea chini kama jua linalotua, au mtoto akitapika na kulala mno, asingojee juma lijalo.

Pili, mchungaji anayeletewa mtoto kama huyo aombe pale pale, kwa maneno mafupi, halafu aandike barua ya kumpeleka kwa mwuguzi, na kama kuna sanduku la huruma, lifunguliwe kwa ajili ya safari. Tatu, chama cha akina mama kifundishe juu ya asidi foliki, usafi wa kitovu na homa ya mtoto mchanga. Nne, mwenye tansio asiache vidonge vyake ili anywe mzizi. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kwamba wanayo. Basi siku ya ibada tuweke mashine ya kupima karibu na mlango wa kanisa.

Tano, na hili ni la sisi wahubiri: kabla ya kutangaza dawa mpya kwenye mimbari, tuulize maswali matatu. Ilijaribiwa kwa nani, panya au mtoto? Ililinganishwa na nini? Na waliodhurika wamehesabiwa? Kama hatuna majibu, tunyamaze juu ya dawa hiyo, tumsaidie mama apate pikipiki.

Bwana awape nguvu wote wanaobeba watoto wagonjwa.